Uturuki iko upande wa nani? Maswali yenu kuhusu Ankara, Urusi na Marekani

Toleo lililopita nilipitisha sentensi moja tu kuhusu Uturuki, kwamba ni nchi ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, iliyonunua makombora ya Urusi na bado imo NATO, basi sentensi ile ikaleta meseji nyingi kuliko makala yenyewe. Kuna wanaomuona rais wake Erdoğan fundi wa siasa, kuna wanaomuita kigeugeu. Nimechagua maswali machache, nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi niko Morogoro, hapa kwetu SGR imepita na wakati wa ujenzi tulikuwa tunapishana na mainjinia wa Kituruki kila siku. Sasa kwenye taarifa ya habari namuona rais wao leo yuko na Putin, kesho yuko Washington, keshokutwa anamfokea Netanyahu. Hivi huyu ni wa kambi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa karatasi ni kambi ya Magharibi, tena tangu 1952 alipoingia NATO, na jeshi lake ni la pili kwa wingi wa askari humo ndani baada ya Marekani. Wamarekani wana kituo cha kijeshi pale Incirlik, kusini mwa Uturuki, mpaka leo. Kwa hiyo anayekwambia Uturuki "haifungamani na upande wowote" anakosea, imefungamana, mkataba upo na saini ipo.

Ila uelewe ilifikaje pale na ikakuta nini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Stalin aliitaka Uturuki impe vituo vya kijeshi kwenye milango yake ya bahari, na akadai na ardhi ya Kars na Ardahan kule mashariki. Waturuki wakaona hapa hakuna usalama bila mkubwa mwingine nyuma yetu, 1950 wakapeleka askari Korea kupigana pamoja na Wamarekani, miaka miwili baadaye wakafunguliwa mlango. Sasa angalia kilichofuata. 1962, kwenye ule mgogoro wa makombora ya Cuba, Rais Kennedy wa Marekani alimuahidi Khrushchev wa Usovieti kimyakimya kwamba ataondoa makombora ya Marekani ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki, na mwenye ardhi hakuulizwa. 1964 Waturuki wakataka kuingia kisiwa cha Cyprus kuwalinda Waturuki wenzao wa huko, Rais Johnson akamwandikia waziri mkuu İnönü barua kali sana, kwamba silaha za Marekani msizitumie huko, na Wasovieti wakija kuwapiga kwa sababu hiyo NATO inaweza isijione ina wajibu wa kuwatetea. 1974 wakaingia Cyprus kweli, na Februari 1975 Bunge la Marekani likawakatia silaha mpaka 1978.

Hebu jiweke kwenye kiti cha ofisa kijana wa wizara ya mambo ya nje pale Ankara, umeajiriwa, umepewa kabati la mafaili, na hayo ndiyo unayoyasoma wiki ya kwanza. Wa mashariki alitaka ardhi yako, wa magharibi alikuuza mara moja na kukunyima silaha mara nyingine. Utabaki kwenye muungano, ndio, maana nje ni kubaya zaidi, lakini utahakikisha shingo yako haimo mikononi mwa mtu. Kampuni ya Aselsan inayotengeneza vifaa vya kijeshi ilianzishwa 1975, mwaka uleule wa vikwazo. Zile droni za Bayraktar ambazo watu wanaziona kama zimeota juzi zina mizizi huko.

Swali: Kaka, kwetu Mombasa twasema mshika mawili moja humponyoka. Uturuki alitaka S-400 za Mrusi, makombora ya kudungua ndege, na ndege za kivita za F-35 za Mmarekani kwa pamoja, F-35 ikamponyoka. Sasa hiyo ndiyo akili mnayoisifu?

Jibu: Hapo umenishika kweli na sitaki kuitetea, mimi naona hilo ndilo kosa lao kubwa katika miaka hii. Ila tusilitoe hewani.

Novemba 2015 Waturuki waliidungua ndege ya kivita ya Urusi mpakani na Syria. Putin akawabana kiuchumi, ndege za kukodi za watalii zikasimamishwa, hoteli za Antalya zikabaki tupu, mpaka nyanya za Uturuki zikapigwa marufuku kwenye soko la Urusi, na wakulima wa nyanya hawakuwa hata wanajua hiyo ndege iliruka saa ngapi. Wakati huohuo Marekani na Ujerumani walikuwa wanaondoa makombora yao ya Patriot yaliyokuwa yamewekwa kusini mwa Uturuki. Yaani mtu kagombana na jirani jitu, na rafiki anafungasha mizigo. Juni 2016 Erdoğan akaandika barua ya kuomba yaishe, Julai 15 likaja jaribio la mapinduzi, Putin akawa miongoni mwa wa mwanzo kupiga simu ya pole huku nchi za Magharibi kwa maoni ya Ankara zikisuasua, Agosti wakakutana St Petersburg. 2017 dili ya S-400 ikasainiwa, kama dola bilioni 2.5.

Mzigo ukaanza kushuka karibu na Ankara Julai 2019, na ndani ya wiki moja Marekani ikawatoa kwenye mradi wa F-35. Hoja yao ilikuwa kwamba rada ya S-400 ikikaa nchi moja na F-35 itaisoma ile ndege na siri zake zitafika Moscow. Uturuki ilikuwa mshirika wa mradi tangu 2002, viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza vipuri, ilikuwa imeshalipa kama dola bilioni 1.4 na ilikuwa inasubiri ndege 100. Desemba 2020 vikaja na vikwazo juu ya idara yake ya ununuzi wa silaha. Na hizo S-400 zenyewe hazijaunganishwa kwenye mfumo wa ulinzi wa anga wa NATO. Umelipa bei ya vitu viwili ukakosa kimoja na kingine hukitumii sawasawa.

Ulipaji wa deni hilo haujaisha. Uswidi ilipoomba kuingia NATO 2022, Ankara ikakaa juu ya faili karibu miezi 20, ikidai Uswidi iwabane watu wa PKK, wapiganaji wa Kikurdi wanaopigana na Uturuki, na kila mtu alijua pembeni kuna suala la ndege za Marekani za F-16. Bunge la Uturuki likapitisha Januari 23, 2024, siku tatu baadaye Washington ikaidhinisha mauzo ya F-16 ya dola bilioni 23. Oktoba 2025 wakasaini na Uingereza ndege 20 za Typhoon. Hizo zote ni mbio za kuziba pengo walilolichimba wenyewe.

Swali: Habari za kazi. Nafanya kazi bandarini Tanga. Ni kweli Uturuki inaweza kufunga bahari? Maana sisi tunajua bahari ni ya wote.

Jibu: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa swali, maana mkataba wa meli ndio unaoipa Uturuki uzito kuliko hotuba zote za rais wake.

Ukitoka Mediterania kwenda Bahari Nyeusi hakuna njia nyingine ya bahari, lazima upite Dardanelles, halafu bahari ndogo ya Marmara, halafu Bosphorus, na Bosphorus inapita katikati ya jiji la Istanbul. Sehemu nyembamba kabisa ni kama mita 700. Meli ya mafuta inapita watu wako barazani wanakunywa chai, unaona jina lake ubavuni bila darubini, na ukifanya mzaha na usukani unaingia sebuleni kwa mtu.

Sheria ya pale ni Mkataba wa Montreux wa 1936. Meli za biashara zinapita huru wakati wa amani. Manowari zina masharti, za nchi zisizo na pwani ya Bahari Nyeusi zina kikomo cha tani na haziruhusiwi kukaa humo zaidi ya siku 21. Na kuna kifungu cha 19, kwamba kukiwa na vita na Uturuki haimo vitani, manowari za wanaopigana hazipiti, isipokuwa inayorudi kwenye kituo chake cha nyumbani.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, Moscow ilikuwa inaita ile "operesheni maalumu". Siku tatu baadaye waziri wa mambo ya nje Çavuşoğlu akasema hadharani kwamba hii ni vita. Lile neno moja ndilo lililowasha kifungu cha 19. Urusi ilikuwa na manowari kubwa Mediterania, zimetoka kwenye vikosi vyake vingine, basi zikabaki nje. Aprili manowari ya Urusi, Moskva, ilipozama hakukuwa na namna ya kuleta ya kuziba nafasi yake kwa njia hiyo.

Lakini Ankara haikuishia kwa Urusi na Ukraine, ikawaambia na wengine wote msilete manowari. Kwa hiyo na za NATO hazikuingia, jambo ambalo Putin hakulichukia hata kidogo. Januari 2024 Uingereza ilikuwa imewapa Ukraine meli mbili za kutegua mabomu ya baharini, Uturuki ikasema hapana, Ukraine iko vitani, hazipiti. Mshirika wa NATO anakatalia meli za mshirika wa NATO, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa sauti kubwa maana kifungu ndicho hicho na Mrusi naye amekatazwa nacho. Mimi nadhani huo ndio uamuzi bora kabisa wa sera ya nje ya Uturuki katika vita hii, na haukutokana na ujanja wa mtu mmoja, wametumia karatasi waliyoipigania miaka zaidi ya 80 iliyopita na wakakataa kuipindisha kwa ajili ya yeyote.

Swali: Kaka salama? Niko Eastleigh, Nairobi, ndugu zangu wengi wako Somalia. Ile dili ya ngano ya Istanbul ilitusaidia sisi ama ilisaidia matajiri?

Jibu: Salama dada. Yote mawili, na nitakwambia ukweli ulivyo.

Dili ilisainiwa Istanbul Julai 22, 2022 kati ya Urusi, Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi, meli ya nafaka inatoka Odesa au bandari za jirani huko Ukraine, inafuata njia iliyokubaliwa, ikifika karibu na Istanbul inatia nanga, wakaguzi wa pande zote nne wanapanda pamoja, Mrusi na Mukraine kwenye ngazi moja ya kamba wakati huko kwao wanauana, wanakagua mabaharia na ghala la meli kuona kama kuna silaha, halafu inaruhusiwa. Sijui mahali pengine popote katika vita ile ambapo watu wa pande mbili walifanya kazi pamoja namna hiyo kwa karibu mwaka mzima.

Zikatoka karibu tani milioni 33. Walionunua nyingi zaidi ni China, Hispania na Uturuki yenyewe, kwa hiyo wanaosema chakula kilienda kwa wenye pesa hawadanganyi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipata zaidi ya tani 725,000, zikaenda Somalia, Ethiopia, Kenya, Yemen, Afghanistan na kwingine. Meli ya kwanza ya msaada kuja upande wetu, Brave Commander, ilifika Djibouti mwisho wa Agosti 2022 na tani 23,000 za ngano ya Ethiopia. Tani hizo ni kidogo ukilinganisha na ukame uliokuwepo, ila bei ya ngano duniani ilishuka, na mwenye kununua unga dukani Mogadishu anaijua hiyo bei hata kama hakuona gunia la msaada. Urusi ikajitoa Julai 17, 2023 na Erdoğan pamoja na simu zote zile hakuweza kumrudisha Putin. Mpatanishi ana nguvu mpaka pale mmoja wa wakubwa akisema sitaki tena.

Swali: Mimi ni mwalimu Mwanza. Anawauzia Waukraine droni, ananunua gesi ya Urusi, haiwekei Urusi vikwazo, halafu anajiita mpatanishi. Kwa nini tusiuite unafiki?

Jibu: Mwalimu, kwa upande huo mimi bado siuiti unafiki. Gesi yao zaidi ya asilimia 40 imekuwa ikitoka Urusi, kinu cha nyuklia cha Akkuyu chenye mitambo minne kinajengwa na Rosatom ya Urusi, ukifunga bomba leo ni mama wa Erzurum anayeganda Januari. Na alichowapa Ukraine hakijajificha, kila mtu aliziona Bayraktar. Crimea, rasi ya Ukraine iliyochukuliwa na Urusi, hajabadilisha kauli, hajawahi kuitambua kuwa ya Urusi. Alichofanya ni kuamua suala kwa suala na kusema hivyo hadharani, na wakati Marekani ilipotishia benki za nje zinazosaidia biashara ya vita ya Urusi, mwisho wa 2023, benki za Uturuki zikaanza kukataa malipo, maana biashara na Ulaya ni kubwa mno kuichezea.

Unafiki mimi nauona mahali pengine, na unaniuma. 2009 baada ya mauaji ya Urumqi, mji wa jimbo la Xinjiang nchini China wanakoishi Wauyghur, Erdoğan alisema wazi kwamba yanayowapata Wauyghur ni kama mauaji ya kimbari. Februari 2019 wizara yake ya mambo ya nje ikaziita kambi za Xinjiang ambamo China iliwafungia Wauyghur aibu kubwa kwa ubinadamu. Baada ya hapo sauti imepungua mwaka hadi mwaka kadri pesa na biashara ya China ilivyohitajika, na Wauyghur ni watu wa lugha ya jamii moja na Kituruki, wa dini moja, wengi wamekimbilia Istanbul wakiamini wamefika nyumbani. Na huyohuyo anayeongelea mipaka ya Ukraine kuheshimiwa, majeshi yake yaliingia kaskazini mwa Syria 2016, 2018 na 2019, Wakurdi wa Afrin wakahama makwao kwa maelfu. Nchi ya kati ikishapata uwezo wa kuwakatalia wakubwa, huo uwezo inaweza kuutumia kwa wadogo pia, na sisi tusiokuwa wakubwa inabidi tuliseme hilo bila kupepesa macho.

Swali: Nafuata nguo Istanbul nauza Kariakoo. Kwa nini lira inaanguka hivi kama wao wana nguvu? Nauliza maana kwangu ni bei.

Jibu: Bosi, hapo ndipo udhaifu ulipo. Mwanzo wa 2018 dola moja ilikuwa chini ya lira 4. Agosti Trump aligombana nao kwa sababu ya mchungaji Mmarekani, Andrew Brunson, aliyekuwa kizuizini, akapandisha ushuru wa chuma chao, lira ikafika 7 kwa dola. Oktoba mchungaji akaachiwa. Baada ya hapo lakini wasimsingizie mtu, Erdoğan mwenyewe aling'ang'ania kushusha riba wakati bei zinapanda, na mwisho wa 2024 dola ilikuwa kama lira 35. Nchi yenye deni la dola na sarafu ya namna hiyo haiwezi kumkatalia Marekani kila siku. Na kwako usidhani lira ikianguka mzigo lazima uwe rahisi, wenye maduka wengi bei ya jumla wanakupigia kwa dola.

Swali: Wataingia BRICS au hapana? (Dodoma)

Jibu: BRICS ni ule umoja wa Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wengine. 2024 waliomba, Erdoğan akaenda Kazan, Urusi, Oktoba, wakapewa ofa ya kuwa nchi mshirika badala ya uanachama kamili. Mimi sioni wakitoka NATO kwa ajili ya hilo. Umoja wa Ulaya nao wamekuwa wagombea rasmi wa uanachama tangu 1999, mazungumzo yalianza 2005 na yamelala. Wanaweka mguu kwenye kila mlango.

Swali: Shikamoo. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu, Dar, naandika insha. Je, Tanzania inaweza kufanya kama Uturuki?

Jibu: Marahaba binti. Tulishafanya, tena wakati uleule. Ile barua ya Johnson kwa İnönü ni 1964. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi kwetu kwa sababu Ujerumani Mashariki imeruhusiwa kuwa na ofisi nchini, Mwalimu Nyerere akawaambia basi chukueni na msaada uliobaki. Desemba 15 mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Nchi ina miaka minne tangu uhuru. Ankara ilipoumizwa ilijenga viwanda vya silaha, sisi tukaenda Beijing, na reli ya TAZARA kutoka kwetu kwenda Zambia ikajengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860, baada ya Magharibi kusema hailipi.

Ila Uturuki ina Bosphorus. Sisi tunacho nini ambacho wakubwa wawili wanakitaka kwa pamoja? Insha yako ningeianzia hapo. Njia ya shaba ya Zambia na Congo kwenda baharini. Marekani inasukuma reli ya Lobito kule Angola, Biden alifika mwenyewe Desemba 2024, na Septemba mwaka huohuo Beijing yalisainiwa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ukipata nafasi ya kuusoma mkataba wenyewe usianze na kiasi cha pesa, tafuta nani anapanga nauli ya tani moja, mzigo wa nani unapewa behewa kwanza, na kinatokea nini nchi mbili kubwa zikiwa vitani na reli ikawa yetu.